Maji ya Mkono wa Jivi

Ashramu ya Nimbapura
4 Mei 1930

Baba Kusum,

Salamu kwanza, mengine baadaye. Mimi mzima, Kusum mzima, isipokuwa meno yake mawili ya mbele yameng'oka, na sasa akiimba sala ya asubuhi anapiga mbinja. Motabhai mwenyewe alishindwa kujizuia. Alicheka mpaka miwani ikamwangukia mapajani, na wewe unajua kiongozi wetu si mtu wa kucheka kwenye sala.

Barua yako ya kwanza ilifika ikiwa na mistari mitatu iliyopakwa wino mweusi na wakubwa wa jela. Sijui ulisema nini humo. Kusum anaamini ulimchorea kunguru, nami nimemwacha aamini hivyo.

Nimefurahi kwamba wewe na Ndugu Punja mmewekwa chumba kimoja. Mlikamatwa pamoja mkiwa na chumvi mikononi, chumvi ya pwani yetu wenyewe ambayo serikali inatukataza kuokota, basi na miezi tisa ipite mkiwa pamoja. Hapa ashramuni, katika nyumba yetu hii ya sala na kazi, mambo ni yale yale. Kengele inagongwa saa kumi alfajiri, tunasali, tunasaga unga, walio zamu wanaosha vyoo, mimi naingia jikoni na Reva. Mchana ni gurudumu la kusokotea. Juzi nilifikisha nyuzi mia moja na sitini, na jioni yalipoitwa majina nikaitangaza hesabu yangu kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Reva akaninong'oneza, "Leo Ujam kameza kengele." Chakula hakina pilipili bado. Nitakuambia jambo la aibu: mimi naota pilipili.

Jipya ni kisima. Mvua za mwaka jana zilituhadaa, na Motabhai ametumbukiza kamba yake yenye mafundo akakuta maji yako chini sana. Ameamua jikoni tupate mitungi kumi na miwili kwa siku, na wa kumi na tatu haupo. Kazi ya kuteka amempa Dada Jivi, mke wa Punja, mpaka mvua zinyeshe. Alimpa mbele ya watu wote, kwa makusudi. Alisema, "Maisha yake yote huyu, binti wa wafumaji, amekaa kando ya kisima cha kijiji bila ruhusa ya kukigusa, akingoja wenye tabaka la juu wammiminie. Sasa yeye ndiye atakayetunywesha sisi." Akauliza nani anakubali. Watu wote wakageuka kunitazama mimi, maana wewe ndiye uliyewaleta Punja na Jivi hapa. Nikawa wa kwanza kuinua mkono.

Kwa hiyo usiwe na wasiwasi. Ile ahadi tuliyoapa siku ya kuingia, kwamba kwetu hakuna mtu asiyeguswa, mimi naishika. Mwambie Punja mkewe na wanawe hawajambo, na kwamba maji tunayokunywa yanatoka mkononi mwa Jivi.

Mipapai yangu miwili nyuma ya jikoni inastawi ajabu, wakati bustani nzima imekauka.

Mkeo,
Ujam


Jela ya Wilaya
18 Mei 1930

Mama Kusum,

Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya chumba kizima, watu ishirini na wawili. Pale pa Jivi na maji nilisoma mara mbili.

Nikuambie kwa nini. Tunaye humu mwalimu mmoja wa shule, mtu wa tabaka la juu, mzalendo hasa, amevunjwa kidole na polisi kwa ajili ya nchi yake. Lakini amejiwekea mtungi wake pembeni, kaufunika kitambaa, na mtu kama Punja akiukaribia anakohoa. Nilipomaliza kusoma nikamwambia, "Mwalimu, mke wangu amezaliwa katika nyumba ambayo kivuli cha mfumaji kikimpitia mama mtu, mama anarudi kuoga upya na nguo zake. Leo anakunywa maji ya mkono wa mfumaji. Wewe na masharubu hayo unashindwa na mwanamke?" Chumba kizima kilicheka. Yeye alinikunjia uso siku mbili.

Punja alilia. Si mtu wa kulia, unamjua; anapasua mawe kutwa na ile mikono ya kufumia imechubuka yote, hajawahi kulalamika. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Jivi anacheka?" Anasema Jivi akiwa na raha hucheka peke yake anapovuta kamba ya kisima. Nijibu hilo, maana ananiuliza kila siku.

Kuhusu ndoto zako: mchuzi wa jela una mchanga, una wadudu, na una pilipili tele! Serikali inatutesa kwa kitu ambacho Motabhai alitunyima miaka mitatu. Ukizidiwa, njoo ukamatwe.

Najivunia wewe, Ujam. Sijawahi kukuandikia hivyo, na haya anayasoma bwana jela kabla yako, lakini na asome.

Wako,
Vrajlal


Ashramu ya Nimbapura
1 Juni 1930

Baba Kusum,

Sina habari nzuri, na sijui nianzie wapi. Nitaeleza kama yalivyofuatana.

Wiki mbili zilizopita Motabhai alitumbukiza tena kamba yake. Maji yalikuwa yamepungua mafundo mawili zaidi ya hesabu. Akarudia baada ya siku nne, hesabu ikawa mbaya zaidi. Mtu alikuwa anateka zaidi ya mitungi kumi na miwili. Na Reva akasema kuna asubuhi, kabla ya kengele, amekuta matone njiani kutoka kisimani.

Jioni baada ya sala Motabhai akasema, "Aliyechukua aseme. Sitamgombeza. Mwenye kiu si mwizi, lakini mwenye kusema uongo hapa ametuharibia nyumba." Ndipo Reva, akiangalia chini kama anaongea na mkeka, akasema, "Wenye ndugu walio na kiu huko nje wanajulikana."

Kweli mtaa wa wafumaji ng'ambo ya kijito una kiu. Wanakaa kando ya kisima cha kijiji tangu asubuhi wakisubiri mtu awahurumie. Motabhai akamgeukia Jivi. "Jivi, unawapelekea maji watu wenu?" Jivi akasema, "Hapana, mzee." Basi, ni hilo tu.

Kesho yake Motabhai akaacha kula. Alisema kama kuna uongo nyumbani kwake basi ni yeye aliyeulea, na yeye ndiye atakayeulipia kwa mwili wake. Ana miaka sabini na mmoja. Siku ya kwanza alisokota nyuzi kama kawaida. Siku ya tatu aliendesha gurudumu akiwa amelala ubavu. Siku ya nne tuliposali sauti yake haikusikika. Watu wakaacha kumsemesha Jivi. Mimi pia sikumsemesha.

Jioni ile ya nne Jivi aliingia kwenye sala akiwa na mtungi. Akauweka chini katikati yetu. Akasema, "Ni mimi. Nilipeleka kwetu. Mzee ale." Kabla giza halijaingia alikuwa amefunga mzigo wake, akawashika wanawe mkono, akavuka kijito.

Mimi ndiye mkuu wa jikoni, kwa hiyo ni mimi niliyempa Motabhai maji ya ndimu ya kufungulia. Kopo liligonga meno yake. Aliniambia, "Ujam, mikono yako inatetemeka. Umechoka kwa kunililia mimi." Nikasema ndiyo.

Sasa Reva ndiye anayeteka, na kamba ya Motabhai inakubaliana na hesabu. Watu wanasema basi, imethibitika.

Mwambie Punja taratibu. Mwambie hakuna aliyemfukuza mkewe. Uliuliza kama Jivi anacheka akivuta kamba. Alikuwa anacheka. Nilikuwa namsikia kutoka jikoni.

Ujam


Jela ya Wilaya
10 Juni 1930

Mama Kusum,

Tangu barua yako ifike sijalala vizuri. Uliniambia nimwambie Punja taratibu. Sikumwambia taratibu.

Nilikuwa na hasira. Mimi ndiye niliyemshika Motabhai miguu awapokee wale watu. Mimi ndiye niliyejigamba humu ndani kila siku, Jivi hivi, Jivi vile. Basi nikasimama mbele yake, watu wote wakisikia, nikamwambia, "Mkeo amenivua nguo hadharani. Mzee wa miaka sabini na mmoja amekaa na njaa siku nne kwa ajili ya mitungi yake ya wizi."

Punja alikuwa anakula. Aliweka sahani chini. Akauliza, "Jivi alisema mwenyewe kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake, mbele ya watu wote."

"Jivi hajawahi kuchukua hata uzi usio wake," akasema. Halafu akakunja mkeka wake akaenda kuutandika mwisho wa chumba, pale karibu na ndoo ya haja, mahali ambapo hakuna anayelala kwa hiari. Tangu siku hiyo ananiita "bwana". Tulikuwa tunaitana ndugu.

Yule mwalimu mwenye mtungi alinitazama, akatabasamu. Akafunua kitambaa chake, akanimiminia kikombe. Nikanywa.

Sema kitu, Ujam. Wewe ulikaa naye jikoni. Je, hukuona dalili yoyote?

Vrajlal


Ashramu ya Nimbapura
15 Juni 1930

Baba Kusum,

Umeuliza kama niliona dalili. Dalili ni mimi.

Jana Kusum alikuwa anacheza nyuma ya jikoni na vifuu vya nazi na watoto wake wa matambara. Nikamsikia anasema, "Huyu ni Dada Jivi, ameleta maji. Asante, Dada Jivi, weka hapo. Ameshaondoka? Haya, mwaga." Akamwaga mchanga wake chini ya mpapai. Kisha akamshika mtoto mwingine wa tambara na kifuu kingine, akamwambia, "Nenda kateke ya kwetu." Nikamuuliza nani kamfundisha mchezo huo. Akanitazama kwa mshangao. Akasema, "Wewe, mama."

Nitaandika yote, na bwana jela akitaka apake wino.

Katika ile mitungi kumi na miwili, miwili ilikuwa ya kunywa. Siku ya kwanza nilijaribu, naapa nilijaribu. Nilichota kopo, nikaliinua, nikamwona mama yangu mlangoni na nguo zake zimelowa, anaoga mara ya tatu kwa siku katika baridi kwa sababu mfagiaji amepita karibu. Koo likajifunga. Nilitapika. Siku ya pili sikujaribu. Jivi alipogeuka kwenda kuleta mwingine nikaibeba ile miwili nikaimwaga kwenye mipapai. Nilikuwa nimeshaamka kabla ya kengele na kujitekea yangu miwili, nikaificha nyuma ya magunia ya uwele. Ndiyo waliyokuwa wakisifia utamu wake wote waliokunywa jikoni kwangu.

Nilijiambia ni mpaka nizoee. Nilijiambia maji ya kupikia hayana neno, moto umeyasafisha. Kila siku nilikuwa na la kujiambia. Siku thelathini na moja, Vrajlal.

Na sikumchukia. Hilo ndilo linalonitafuna zaidi. Tulikuwa tunachambua mchele pamoja, magoti yetu yamegusana, tunacheka kuhusu nyinyi wanaume na chumvi yenu. Alinifundisha kuunganisha uzi uliokatika bila kuacha fundo. Nilimwita dada na nilimaanisha. Kisha anaondoka na mimi nanyanyua mtungi.

Nilihofia wewe utajua, nilihofia Motabhai atajua. Sikufikiria kwamba kisima kitajua.

Motabhai alipofunga nilisema nitasema kesho. Siku ya pili nikasema kesho. Siku ya tatu nilikwenda mpaka mlangoni kwake na miguu yangu ikanirudisha. Siku ya nne Jivi akatangulia. Aliposema "ni mimi" alikuwa amesimama hatua mbili kutoka nilipokaa. Nilichokisikia moyoni mwangu, Mungu anisamehe, kilikuwa nafuu.

Msomee Punja barua hii. Umwombe radhi kwa niaba yetu wote wawili, na urudishe mkeka wake mahali pake. Mimi nitakwenda kwa Motabhai. Nimekuandikia wewe kwanza ili nisipate tena njia ya kurudi.

Ujam


Jela ya Wilaya
27 Juni 1930

Ujam,

Barua yako imekaa ndani ya shati langu siku nane. Sijamsomea Punja.

Kila jioni namwona kule mwisho amekaa karibu na ile ndoo, na kila jioni nasema nitamwita. Nafungua karatasi, nafika pale pa Kusum na mchanga, nakunja.

Nisikilize. Usiende kwa Motabhai. Ngoja nitoke Januari, twende wote wawili. Ukimwambia sasa atafunga tena, na safari hii hataamka. Unataka hilo nalo liwe juu yako? Jivi ameshaondoka. Miezi sita haitamwongezea wala kumpunguzia. Ukiwa peke yako watakutafuna, Reva akiwa wa kwanza.

Nimeandika hayo nikayasoma, na yananuka. Basi nikuambie na lingine, kwa kuwa wewe umesema lako.

Wiki ya kwanza tulipoletwa hapa, askari alimpa Punja kazi ya kugawa maji chumbani. Alikuja kwangu kwanza, kwa furaha, amejaza kikombe mpaka kinafurika. Nikamwambia asante ndugu yangu, sina kiu. Jioni akarudi. Sina kiu. Nilikuwa nakunywa bombani uani tulipotolewa kuoga, kwa viganja, kama mbuzi aliyepotea. Siku tisa sikuwa na kiu, Ujam, katika joto la Aprili. Siku ya kumi nilizimia kwenye mawe, na nilipozinduka ni Punja aliyekuwa ananimiminia mdomoni. Baada ya hapo nilikunywa. Nikaanza kuwasimanga wengine.

Yeye alijua. Hajanitajia hata mara moja. Na mtu huyo ndiye niliyemsimamia kichwani na sahani yake mkononi.

Kwa hiyo sikuhukumu. Nakuomba tu usubiri. Ninaogopa kwa ajili ya Motabhai, hilo ni kweli. Lakini ninaogopa pia kwa ajili ya sura yangu mbele ya watu hawa ishirini na wawili, na hilo ni kweli zaidi.

Vrajlal


Ashramu ya Nimbapura
6 Julai 1930

Baba Kusum,

Barua yako imechelewa. Nilikwenda kwa Motabhai siku tatu baada ya kukuandikia, na hata ingefika mapema ningekwenda.

Nilimkuta anasokota. Nilisema yote nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitalia na nikilia atanihurumia. Gurudumu lilisimama. Uzi ulibaki umening'inia mkononi mwake. Nikasema, "Motabhai, nakuomba usifunge. Nitafunga mimi."

Akasema, "Hakuna atakayefunga. Leo nitakula, na kesho nitakula, na kila tonge litanikaba. Kufunga kwangu ndiko kulikomfukuza yule mama." Halafu akasema, si kwangu, kwa lile gurudumu: "Watu arobaini walikuwa wamekaa pale. Nikamuuliza mmoja."

Jioni yalipoitwa majina, zamu yangu ya kutaja hesabu ya nyuzi ilipofika, nikataja mitungi. Mitungi sitini na miwili, nikaeleza ilikwenda wapi. Reva aliinuka akatoka. Sijui ni hasira juu yangu au juu ya yale aliyoyasema yeye. Tangu siku hiyo hatuzungumzi, tunapokezana mwiko tu. Mipapai nilitaka kuikata, Motabhai akanikataza. Amesema ikae hapo, na ikizaa nile mimi.

Kisha nilivuka kijito. Mvua bado haijanyesha hata tone.

Jivi anakaa kwa kaka yake, chumba kimoja. Alikuwa uani anatandaza nyuzi, na bintiye anamshikia ncha. Aliponiona alisimama, akajitanda kichwani, akasema, "Karibu, bibi." Miaka miwili aliniita dada.

Nikamwambia, "Jivi, ni mimi niliyekuwa namwaga."

"Najua."

"Amekuambia nani? Motabhai?"

"Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa naiona ile mipapai, bibi. Kusoma sijui, lakini matope nayajua. Chini yake palikuwa panalowa kila asubuhi, na mimi ndiye niliyekuwa nateka."

Nikauliza, "Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ya tano, ya sita. Nilisema ataacha. Huyu tunacheka naye, ataacha."

"Kwa nini hukusema? Kwa nini ulisema ni wewe?"

Akashangaa kwamba nauliza. "Ningesema, nani angeniamini? Mke wa Vrajlal, wa kwanza kuinua mkono? Na mzee alikuwa anakufa. Wewe ulikuwa umekaa kimya. Mmoja wetu ilibidi aseme."

Nilimwomba arudi. Nilimwambia Motabhai mwenyewe atakuja kumwomba, watu wote wamesikia ukweli, jina lake limesafishwa. Alisema, "Jina langu lilikuwa safi. Ni nyinyi mliokuwa hamjui." Akarudia kutandaza nyuzi zake.

Basi nikamwomba maji. Sikupanga. Jua lilikuwa kali, na nilijua siwezi kuondoka pale bila kunywa. Nikasema, "Jivi, nipe maji ya mkono wako."

Ndani mlangoni kulikuwa na mtungi mmoja, haujajaa. Baadaye kaka yake aliniambia walikaa kando ya kisima cha kijiji tangu alfajiri mpaka adhuhuri kuupata. Jivi akachota kopo la shaba, akaniletea, akanipa mkononi, vidole vyake vikagusa vyangu. Nikanywa. Koo halikujifunga, Vrajlal. Yalikuwa maji, hayana ladha ya kitu kingine chochote. Nililia kwa sababu yalikuwa maji tu, na yangekuwa maji tu siku zote thelathini na moja.

Nilikunywa nusu, nikamrudishia. Bintiye alikuwa analitazama lile kopo. Jivi akalipokea. Akanitazama usoni, bila hasira, akaligeuza kopo taratibu, yale maji yaliyobaki yakamwagika chini kati ya miguu yetu mpaka tone la mwisho. Halafu akachuchumaa, akachukua majivu jikoni kwake, akalisugua kopo ndani na nje, kama mama yangu alivyokuwa akisugua kila chombo kilichoguswa na watu wao. Alipomaliza akaliinamisha juani likauke.

"Mwambie Punja mimi mzima," akasema. "Na watoto wazima."

Sijui kama atarudi. Motabhai amekwenda kwake leo asubuhi kwa miguu, na hajarejea. Mimi ninavuka kila siku na mtungi wa maji kutoka kisima chetu, nauweka mlangoni kwa kaka yake. Jioni naukuta pale pale, umejaa, haujaguswa. Naurudisha, naleta mwingine.

Mwite Punja, Vrajlal. Mwite leo, watu wote ishirini na wawili wakisikia, na yule mwalimu asikie. Msomee barua zangu zote mbili bila kuruka. Na hapo pa kopo la Jivi, soma mara mbili.

Ujam